Ahadi Isiyo na Mdai



Kila mtu wa Oyugis aijua gorogoro. Ni ule mkebe wa bati ambao mahindi na maharagwe hupimwa sokoni kwetu, na kila mtu aijua pia hila yake: kitako hugongwa kikaingia ndani, nafaka ikajaa hata ikafura juu, na mnunuzi akaenda zake akidhani amepata kipimo kamili. Mgeni hudanganyika mara moja. Mara ya pili haji, wala jirani yake haji, kwa kuwa amekwisha kumwambia. Lakini wapo, katika soko hilo hilo, akina mama ambao hakuna ainuaye mkebe wao kuutazama kitako. Watu hutoka Kabondo, wengine hata Sondu, wakawapita wauzaji kumi ili kuwafikia wao. Akina mama hao hawapigi kelele za kunadi, wala bei yao si rahisi kuliko ya wenzao.

Tumeanza na mkebe kwa sababu ya swali tuliloletewa. Kijana mmoja wa darsa yetu alikuja na gazeti lililoandika ya kwamba nguvu ya Kenya katika mashauri ya mataifa yatokana na Katiba yake ya 2010 na maadili yaliyotajwa ndani yake. Akatuuliza mambo mawili kwa mpigo. Je, haya ni kweli? Na yakiwa ni kweli, je, ni uungwana taifa kuutangaza wema wake ili lipate kusikilizwa? Si hiyo ndiyo ria ambayo kila siku twaambiana tujihadhari nayo? Tulizungumza hata usiku ukawa mkubwa, na hatukuafikiana katika kila jambo. Haya tuyaandikayo ni yale ambayo wengi wetu tuliyakubali, na pale tulipotofautiana tutasema.

Kwanza tuyaweke mambo mahali pake. Katiba ile wananchi waliipitisha kwa kura tarehe 4 Agosti 2010, thuluthi mbili ya waliopiga kura wakiikubali. Kifungu chake cha 10 chataja uzalendo na umoja, utawala wa sheria, heshima ya binadamu, usawa, haki kwa wanyonge, uadilifu, uwazi na uwajibikaji, na mengine. Lakini orodha nzuri si ajabu. Kila nchi inayo, hata zile ambazo magereza yake yamejaa washairi. Neno zito katika kifungu hicho ni lile lisemalo kwamba maadili hayo huwafunga watu wote na vyombo vyote vya dola kila wanapoitumia sheria au wanapokata shauri la siasa ya nchi. Hapakuandikwa "isipokuwa mambo ya nje." Balozi aketiye New York yumo, na waziri apandaye ndege kwenda Addis Ababa yumo. Kifungu cha 2 nacho chasema kwamba kanuni za jumla za sheria ya mataifa, pamoja na mikataba ambayo Kenya imeithibitisha, ni sehemu ya sheria ya Kenya. Basi nchi hii, isiyo na visima vya mafuta vya kuwashawishi wengine wala manowari za kuwatisha, imejifunga kwa maneno yake yenyewe mbele ya walimwengu. Swali ni je, kujifunga huko humpa mtu nguvu, au humpunguzia?

Kuna kisa ambacho sisi Waislamu wa Kenya twapaswa kukijua kuliko wengine, na ambacho twaona aibu kwamba vijana wetu wengi hawakijui. Mwambao wa pwani, ukanda wa maili kumi, ulikuwa kwa jina milki ya Sultani wa Zanzibar hata ukoloni ulipokaribia kwisha, ijapokuwa Mwingereza ndiye aliyeutawala. Kabla ya uhuru ilibidi ukanda huo uunganishwe na Kenya. Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua. Ndani ya barua hizo Kenya iliahidi kwamba kila mtu atakuwa na uhuru wa kuishika dini yake, na kwamba mahakama za Makadhi zitahifadhiwa kwa ajili ya Waislamu katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Siku chache baadaye mkataba ukatiwa saini London. Sultani akaacha dai lake.

Sasa tazameni yaliyofuata. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ile ikapinduliwa. Kabla ya mwezi wa Aprili kwisha, Zanzibar ilikuwa imekwisha kuungana na Tanganyika. Sultani alikuwa uhamishoni, Shamte hakuwa tena na serikali. Yule aliyepewa ahadi hakuwako tena kuidai. Hakuna dola iliyobaki ambayo ingaliweza kumwita balozi wa Kenya na kumwuliza, "Iko wapi barua yenu?" Katika mambo ya mataifa, ahadi ya namna hii hufa siku ile ile, na wala hakuna amlaumuye aliyeiacha. Walakini mahakama za Makadhi zilibaki katika Katiba ya uhuru, zikabaki ilipofanyiwa marekebisho mengi, na zimo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170.

Wako waliotuambia, na katika darsa alikuwako mmoja, kwamba serikali ilizihifadhi kwa faida yake, ili pwani itulie. Huenda ikawa. Nia za serikali hazijawahi kuwa safi kama maji ya chemchemi, na sisi hatudai kuzijua. Lakini mwaka 2010 njia ya kuziondoa ilikuwa wazi. Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamekwisha kusema mwezi wa Mei mwaka huo kwamba kuwekwa mahakama hizo katika Katiba ya zamani kulikuwa ni kuibagua dini moja kwa kuipendelea, na viongozi wengi wa makanisa waliwahimiza waumini wao waikatae Katiba mpya kwa sababu ya kifungu hicho pamoja na vingine. Hapa kwetu Rachuonyo, ambako Waislamu ni wachache hata mtu aweza kuwahesabu kwa majina, majirani zetu Wakristo waliipigia Katiba hiyo kura ya ndiyo kwa wingi mkubwa. Wengi wao hawakuwahi kusikia habari za barua za 1963. Hata hivyo waliilipa deni lake.

Hapo ndipo tulipoanza kulielewa swali la kijana wetu. Ahadi iliyotimizwa kwa kuogopa mdai haimfundishi mtu jambo lolote juu ya yule aliyeahidi, ila kwamba ni mwoga. Ahadi iliyotimizwa baada ya mdai kutoweka ndiyo imfanyayo jirani aseme: huyu naweza kumwachia amana. Na kazi ya ubalozi, ukiondoa mazulia na bendera, ni kazi ya kuaminiwa. Watu wa Sudan ya Kaskazini na ya Kusini walipochoka kuuana kwa zaidi ya miaka ishirini, walikuja kukaa Naivasha na miji mingine ya Kenya wakizungumza, Jenerali Lazaro Sumbeiywo akiwa mpatanishi, na tarehe 9 Januari 2005 wakatia saini Nairobi. Kenya haikuwalazimisha, wala haikuwa na cha kuwalazimishia.

Lakini tusijisifu upesi. Tarehe 27 Agosti 2010, siku ambayo Katiba mpya ilitangazwa rasmi katika bustani ya Uhuru, mizinga ikapigwa na watu wakalia kwa furaha, jukwaani aliketi mgeni ambaye wengi hawakumtazamia: Omar al-Bashir, Rais wa Sudan. Wakati huo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imetoa hati za kumkamata kwa mambo ya Darfur, na Kenya ilikuwa mwanachama wa mahakama hiyo. Maneno yasemayo kwamba mikataba ni sehemu ya sheria yetu yalikuwa hayajatimiza saa moja tangu kutiwa saini, na tayari yalikuwa yamevunjwa mbele ya kadamnasi. Serikali ilikuwa na udhuru: Umoja wa Afrika ulikuwa umekata shauri la kutoshirikiana na mahakama hiyo katika jambo la Bashir, na Sudan ni jirani ambaye amani yake ni amani yetu. Udhuru huo si wa upuuzi, na miongoni mwetu wako wanaoukubali hata leo, wakisema mahakama ile imewaandama Waafrika na kuwafumbia macho wenye nguvu. Hatukuweza kuwageuza mawazo, wala hatukujaribu sana.

Lililo muhimu kwetu ni lililofuata. Tarehe 28 Novemba 2011 Jaji Nicholas Ombija wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamuru kwamba Bashir akikanyaga tena ardhi ya Kenya akamatwe. Khartoum ikaghadhibika, ikamwamuru balozi wa Kenya aondoke, na Waziri wetu wa Mambo ya Nje akafunga safari kwenda kutuliza. Serikali ikakata rufani. Februari 2018 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba Kenya ilikosea kutomkamata. Je, hukumu zile ziliiongezea Kenya marafiki? Siku ile, la. Zilimpotezea rafiki. Lakini zilionyesha jambo moja ambalo hotuba haiwezi kulionyesha: kwamba katika nchi hii yumo mtu, asiye na jeshi wala kura, awezaye kuiambia serikali "hapana," na serikali ikalazimika kwenda mahakamani kumjibu, badala ya kumtuma askari nyumbani kwake usiku.

Na hili ndilo tuliloafikiana kwa nguvu zaidi. Katiba haimpi balozi sauti kwa kuwa imeandikwa vizuri. Humpa sauti kwa kadiri ilivyopata kuizuia serikali iliyomtuma.

Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, Jaji Mkuu akiwa David Maraga, iliubatilisha uchaguzi wa Rais uliofanywa tarehe 8 Agosti, majaji wanne wakikubali na wawili wakipinga. Jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea katika Afrika. Watazamaji wa kigeni, watu wakubwa wa Ulaya na Marekani, walikuwa wamekwisha kuusifu upigaji kura na kumtaka aliyeshindwa ayakubali yaliyotokea. Mahakama ya Nairobi ikawafundisha kwamba uchaguzi si foleni za asubuhi tu, bali pia ni namna hesabu inavyosafirishwa usiku. Majaji walitukanwa hadharani, wakaitwa wakora. Hata hivyo Rais alisema kwamba ijapokuwa hakubaliani na hukumu ataiheshimu, na uchaguzi ukarudiwa. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano wa Malawi wakaubatilisha uchaguzi wa nchi yao, na uliporudiwa mwezi wa Juni mpinzani akashinda na kuapishwa. Kenya haikutuma ujumbe Lilongwe. Haikutoa mkopo wala haikufungua shule ya kufundisha demokrasia. Ilikuwa imefanya jambo kwake, na wengine wakaona kwamba lawezekana. Ikiwa neno "ushawishi" lina maana yoyote, basi ni hiyo.

Hapa yatubidi tuseme kweli juu yetu wenyewe. Siku ile ya Septemba 2017 Oyugis ilishangilia. Bodaboda zilipanda na kushuka barabara ya Kisumu na Kisii zikipiga honi hata jioni. Lakini je, tuliishangilia Katiba, au tulimshangilia mtu wetu? Maana mahakama hiyo hiyo ilikuwa imelikataa ombi lake tarehe 30 Machi 2013, na ikalikataa tena tarehe 5 Septemba 2022, na siku hizo hatukusikia mtu yeyote hapa akisifu uhuru wa majaji. Tulisema wamenunuliwa. Huenda walikosea, huenda hawakukosea. Hilo ni la wanasheria. Lakini mnunuzi aipendaye mizani siku ile tu inapoelemea upande wake hana haki ya kuwalaumu wauzaji wagongao vitako vya mikebe. Tulilitaja jambo hili darsani na watu wakanyamaza kwa muda, kisha mzee mmoja akacheka.

Watu wengi watukumbushao sauti ya Kenya ulimwenguni hutaja usiku wa tarehe 21 Februari 2022, wakati balozi Martin Kimani aliposema katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa juu ya Urusi na Ukraine. Alieleza kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa katika miji ya mbali ya wakoloni bila kujali mataifa ya kale iliyoyakata, na kwamba kila mpaka wetu una ndugu upande wa pili. Lakini Waafrika walichagua kuifuata mipaka hiyo kuliko kumwaga damu wakitafuta mataifa ya kabila moja. Walimwengu waliisikiliza hotuba hiyo kuliko hotuba za wenye mizinga.

Sisi wa huku hatukuhitaji kufafanuliwa. Enendeni Isebania, mwendo wa saa chache kutoka hapa. Wakuria wa Migori na Wakuria wa Tarime ni watu wamoja, huzikana na kuoana, na katikati yao pana kizuizi na askari wa forodha. Wajaluo wa Rorya, upande wa Tanzania, ni wajomba na shangazi za Wajaluo wa Nyatike. Hakuna aliyewahi kutaka kuivunja Tanzania kwa ajili hiyo. Balozi hakulitunga jambo lile; alilichukua kwa watu kama hawa, akalipeleka New York. Lilisikika kuwa kweli kwa sababu lilikuwa limeishiwa kwa miaka karibu sitini.

Na kwa ajili hiyo hiyo yatuuma kukumbuka la miezi minne kabla yake. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu juu ya mpaka wa bahari baina ya Somalia na Kenya, ikaipa Somalia sehemu kubwa ya eneo lililogombaniwa. Kenya ilikuwa imekwisha kujitoa katika kusikilizwa kwa shauri hilo mwezi wa Machi, na hukumu ilipotoka serikali ikasema haiitambui. Mwezi huo huo wa Oktoba Kenya ndiyo iliyokuwa ikilisimamia Baraza la Usalama. Zipo hoja za kulalamikia hukumu ile, nasi si wataalamu wa bahari. Lakini yeye ahubiriye kwamba kanuni ni bora kuliko nguvu, naye ameondoka mezani kanuni zilipokuwa hazimpendezi, amemwachia msikilizaji wake mkebe wa kuinua na kutazama kitako.

Tufike sasa kwa lililo zito kuliko yote, ambalo kalamu yetu ingependa kulipita. Mwaka 2023 Kenya ilijitolea kupeleka askari polisi elfu moja Haiti, nchi iliyotekwa na magenge, na Baraza la Usalama likaidhinisha tarehe 2 Oktoba. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama Kuu ya Nairobi, Jaji Enock Mwita, ikasema kwamba hilo haliwezekani kwa sheria: Baraza la Usalama wa Taifa halina uwezo wa kuwapeleka polisi nje, na hapakuwa na mapatano baina ya nchi hizi mbili kama sheria itakavyo. Marekani ilikuwa ikingoja, na Umoja wa Mataifa ulikuwa ukingoja, nao wote wakalazimika kumngoja jaji mmoja. Tarehe 1 Machi Waziri Mkuu wa Haiti akaja Nairobi kutia saini mapatano. Mpaka hapo twaweza kusema, pamoja na mashaka yetu juu ya safari yenyewe, kwamba Katiba ilifanya kazi yake.

Kisha ikaja tarehe 25 Juni 2024. Siku hiyo askari wa kwanza, kiasi cha mia nne, walishuka Port-au-Prince kwenda kuwalinda raia wa nchi ya mbali. Siku iliyotangulia Marekani ilikuwa imeipa Kenya cheo cha mshirika wake mkubwa wa kijeshi nje ya umoja wa NATO. Na siku hiyo hiyo, Nairobi, vijana waliokuwa wakiupinga Muswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge, na polisi wakawapiga risasi. Wengi wa vijana hao walikuwa wametembea barabarani wakiwa na bendera ya taifa tu na chupa ya maji, na kifungu cha 37 cha Katiba, kiwapacho haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha, walikuwa wamekiandika juu ya makaratasi waliyoyabeba. Polisi wa nchi moja, katika siku moja, pande mbili za dunia. Walimwengu waliziona picha zote mbili katika saa hizo hizo, wala hawakuhitaji mkalimani.

Tukadhani ni jambo la Nairobi. Lakini tarehe 7 Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa nyumbani kwao katika kaunti yetu hii ya Homa Bay kwa maneno aliyodaiwa kuyaandika juu ya afisa mkubwa wa polisi, akasafirishwa hadi kituo cha polisi cha kati Nairobi, na kabla ya jua la pili kuchwa alikuwa maiti. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliompasua walikuta majeraha yasiyolingana na maneno hayo, na baadaye maafisa wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji. Wakati huo Kenya ilikuwa mwanachama wa Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, kwa kuchaguliwa Oktoba 2024. Hatutaki kuongeza neno juu ya hapo. Baba yake angali hai.

Basi wako watakaosema, na walisema darsani: nchi yenye madoa kama haya na inyamaze. Isitaje haki za mtu mbele ya mataifa mpaka imejitakasa. Maneno haya yana sura ya ucha Mungu, na tuliyafikiri kwa makini, lakini tumeona kwamba hayafai. Kwanza hakuna dola iliyo safi, na kwa kanuni hiyo wangelibaki kusema wale tu wasioona haya. Pili, na hili ni kubwa zaidi, maneno ya balozi ni kama barua ile ya 1963: yakisemwa hadharani huwa deni, na wenye deni hilo si wageni waliopiga makofi ukumbini. Wenye deni wako hapa. Mama wa Rachuonyo amwonapo balozi wetu akitaja heshima ya binadamu ana haki ya kusema, "Nimesikia. Sasa niletee ya mwanangu." Balozi akinyamaza, amempunguzia mama huyo hoja moja.

Ama suala la ria, ambalo kijana wetu alilileta kwa moyo safi, tuliligawa. Anayeitimiza haki ili atazamwe, ataiacha siku asipotazamwa. Huyo ni mwenye ria, na mataifa yanamjua upesi kuliko adhaniavyo. Februari 2025 viongozi wa jeshi la RSF na wenzao walikaribishwa Nairobi, katika jumba la mikutano lenye jina la Kenyatta, wakaweka misingi ya serikali yao pembeni wakati vita vya Sudan vikiendelea. Sudan ikamwita balozi wake arudi, na mwezi uliofuata ikapiga marufuku bidhaa kutoka Kenya, chai ikiwamo. Kiti kile cha mpatanishi cha 2005 hakikuchukuliwa na adui yeyote, tulikisukuma wenyewe. Lakini anayeitimiza haki kwa kuwa ni haki, kisha sifa ikamfuata nyuma kama kivuli, huyo hakufanya ria hata akiijua sifa hiyo na kuitumia kupata kheri nyingine. Mama wa gorogoro ajua vema kwa nini wateja wampita jirani yake na kuja kwake. Kujua kwake hakukuutoboa mkebe wake.

Mmoja wetu hakuridhika. Alisema kwamba dola si mama wa sokoni; dola haina moyo wa kutakasika, ina maslahi tu, na sifa kwake ni silaha kama silaha nyingine. Tulimjibu kwamba kwa sababu hiyo hasa ndipo yalipohitajika mahakama na Bunge na magazeti na vijana wenye chupa za maji: dola isiyo na moyo yataka watu wa kuuinua mkebe wake na kutazama kitako, kila siku, wala wasichoke. Alisema hilo ni jibu la siasa, si la maadili. Huenda kweli. Tuliliacha hapo, kwa kuwa adhana ya alfajiri haikuwa mbali.

Darsa ijayo tutasoma Sura ya Nne ya Katiba, ile ya haki za watu, kuanzia kifungu cha 19, na baada yake barua za 1963. Nakala za Katiba kwa Kiswahili ni chache hapa kwetu. Aliye nayo na aje nayo, na majirani wasio Waislamu wanakaribishwa kama kawaida.